Swali Lililobaki Wazi: Uhakiki wa Dhana ya Maana katika Ualimu wa Muziki wa Leonard Bernstein

Leonard Bernstein (1918–1990) hutajwa kwanza kama mwongozaji wa okestra, kisha kama mtunzi wa West Side Story (1957), na mwisho, kana kwamba ni nyongeza tu, kama mwalimu. Mpangilio huo unapotosha. Uhakiki huu unashikilia kwamba ualimu ndio uliokuwa mhimili wa kazi yake, na kwamba ndani ya ualimu huo kulikuwa na swali moja alilolirudia kwa miongo kadhaa: je, muziki una maana, na kama unayo, inakaa wapi? Alilijibu waziwazi mara mbili. Mwaka 1958 alilijibu mbele ya watoto, na mwaka 1973 akalijibu mbele ya wanazuoni. Majibu hayo hayapatani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu walilopewa watoto ni imara kuliko lile walilopewa wanazuoni, na kwamba udhaifu wa jibu la pili hujitokeza vizuri zaidi linapopimwa kwa lugha na muziki wa Afrika Mashariki. Kipimo hicho si cha kulazimisha. Mwaka 1973 Bernstein hakudai kuueleza muziki wa Ulaya peke yake. Alidai kueleza uwezo wa kimuziki alionao kila binadamu. Anayedai kwa niaba ya wote amewaalika wote kumkagua.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji ufafanuzi. Neno kondakta, masikioni mwa msemaji wa Kiswahili, humleta kwanza mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Kwa hiyo hapa linatumika neno mwongozaji. Kazi ya mwongozaji wa okestra ina kioja chake. Katika jukwaa lenye watu mia moja, yeye peke yake hatoi sauti. Hana ala, ana kifimbo, mikono na uso. Kila anachokitaka lazima kitoke mikononi mwa mtu mwingine, na hawezi kumtaka mpiga fidla apige namna fulani asipokuwa na wazo la kile ambacho fungu lile la noti linakusudia. Swali la maana, ambalo mpiga ala anaweza kulikwepa maisha yake yote kwa kupiga vizuri tu, mwongozaji hukutana nalo kila asubuhi ya mazoezi.

Habari za maisha yake zinafahamika na hazihitaji kurefushwa. Alizaliwa Lawrence, Massachusetts, tarehe 25 Agosti 1918. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1939, akaendelea na masomo ya uongozaji kwa Fritz Reiner katika Taasisi ya Curtis, Philadelphia, na kuanzia kiangazi cha 1940 akawa mwanafunzi wa Serge Koussevitzky huko Tanglewood. Tarehe 14 Novemba 1943, akiwa na umri wa miaka 25, aliitwa kuiongoza New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie badala ya Bruno Walter aliyekuwa mgonjwa, bila kufanya mazoezi na okestra hiyo hata mara moja. Onyesho lilirushwa na redio nchi nzima, na umaarufu wake ukaanzia hapo. Katika ratiba ya siku hiyo ulikuwamo utungo wa Richard Strauss uitwao Don Quixote, ambao miaka 14 baadaye aliutumia katika somo lake la kwanza la televisheni kwa watoto. Kuanzia 1958 hadi 1969 alikuwa mkurugenzi wa muziki wa okestra hiyohiyo, wa kwanza kuzaliwa na kusomea Marekani.

Somo hilo la kwanza lilirushwa tarehe 18 Januari 1958 kutoka ukumbi uleule wa Carnegie, na mada yake ilikuwa maana ya muziki. Maonyesho ya watoto ya New York Philharmonic yalikuwapo tangu 1924, Bernstein hakuyaanzisha. Alichokifanya ni kuyahamishia kwenye televisheni na kuyageuza kuwa darasa. Hadi 1972 aliandaa vipindi 53. Mwalimu wa kawaida angeanza na jambo jepesi, kama vile majina ya ala au tofauti ya sauti nene na nyembamba. Bernstein alianza na swali gumu kuliko yote, akawauliza watoto ambao wengi wao hawakuwa wamefikisha miaka kumi na miwili.

Mbinu yake inastahili kuchambuliwa kwa kina. Okestra ilipiga sehemu mashuhuri ya utangulizi wa opera ya Rossini, William Tell. Watoto waliitambua mara moja kuwa ni habari ya Lone Ranger, yule mpanda farasi wa redio na televisheni aliyetumia muziki huo kama kitambulisho. Mwalimu aliwaambia kwamba Rossini aliutunga zaidi ya miaka mia moja kabla ya shujaa huyo kubuniwa. Kisha akawasimulia hadithi ya Superman anayekwenda kumwokoa rafiki aliyefungwa gerezani, na okestra ikapiga muziki ulioifuata hadithi hiyo hatua kwa hatua. Ilifuatana barabara. Ndipo alipofichua kwamba muziki ule ulikuwa Don Quixote ya Strauss, na kwamba hadithi aliyoikusudia mtunzi ni ya mzee wa Kihispania anayedhani kundi la kondoo ni jeshi. Muziki ukapigwa tena, safari hii pamoja na hadithi ya kweli. Nao ukafuatana barabara vilevile.

Hapo hapakuwa na nadharia iliyotamkwa, lakini palikuwa na jaribio kamili. Kitu kimoja kilibadilishwa, yaani hadithi, na kingine, yaani sauti, hakikuguswa. Matokeo yakaonekana na kila aliyekuwamo ukumbini: hadithi si sehemu ya muziki, ni vazi tu. Mwalimu akahitimisha kwamba maana ya muziki imo katika noti zenyewe, katika mwendo wake, ulinganifu wake, na hisia zinazoamshwa na mwendo huo. Mhakiki mkali anaweza kusema kwamba hitimisho hilo lina ufa, kwani hisia nazo ziko nje ya noti sawa na hadithi. Ufa huo upo. Hata hivyo, Bernstein hakudai kwamba noti fulani inamaanisha huzuni kama neno linavyomaanisha kitu. Alidai kwamba noti hufanya jambo ndani ya msikilizaji, na akaliacha jambo hilo bila jina. Kwa mwalimu, kuacha jambo bila jina pale ambapo jina lingelipotosha ni nidhamu.

Mbinu hiyohiyo aliwahi kuitumia, kwa ustadi mkubwa zaidi, katika kipindi cha televisheni cha Omnibus tarehe 14 Novemba 1954, miaka kumi na mmoja kamili baada ya onyesho lake la kwanza Carnegie. Mada ilikuwa Simfonia ya Tano ya Beethoven. Ukurasa wa kwanza wa simfonia hiyo ulichorwa sakafuni, wapiga ala wakasimama juu ya mistari yao, na wale ambao Beethoven hakuhitaji ala zao wakaombwa kuondoka. Kisha Bernstein akachukua madondoo ambayo Beethoven aliyaandika na kuyatupa, akayapangia ala, akayarudisha katika nafasi ambazo yangekaa kama yasingekataliwa. Filimbi, ambayo Beethoven aliiandikia noti za mwanzo kisha akazifuta, ilipewa nafasi ya kusikika. Tofauti ni ndogo mno, na papo hapo msikilizaji anajua kwa nini ilifutwa: inaingiza wepesi mahali panapotaka uzito.

Mwanafunzi wa isimu ataitambua mbinu hiyo bila kuambiwa. Ni jozi ya mlinganuo finyu. Ili kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili, hakuna haja ya falsafa. Inatosha kuweka *pata* kando ya *bata* na kusikiliza. Kipashio kimoja kinabadilishwa, mazingira yanabaki, na tofauti inajitangaza yenyewe. Bernstein wa 1954 na 1958 alifanya hivyo katika muziki bila kutumia istilahi yoyote ya isimu. Inawezekana kusema, bila kutia chumvi, kwamba alikuwa mwanaisimu bora kabla ya kuikopa isimu.

Kuna shahidi mwingine wa kipindi hicho cha awali. Tasnifu aliyoiwasilisha Harvard mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 20, ilihusu namna vipengele vya muziki wa jamii mbalimbali, hasa Wamarekani weusi, vilivyofyonzwa katika muziki wa Marekani. Ni kazi ya kijana, yenye hukumu za haraka na istilahi ambazo leo hazitumiki, lakini swali lake ni la mahali na watu: muziki wa nchi hii umepata wapi lafudhi yake? Swali hilo lilirudi mwaka 1961, katika kipindi cha watoto kilichohusu muziki wa kienyeji ndani ya ukumbi wa okestra. Huko alifundisha kwamba nyimbo za watu huchukua mkazo, kasi na mwendo wa lugha wanayoizungumza, akitoa mfano wa Kihungaria, ambacho huweka mkazo mwanzoni mwa neno. Msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, anaielewa hoja hiyo mara moja. Hadi hapo, mwalimu huyu alikuwa akiutafuta muziki katika lugha nyingi, kila lugha na tabia yake.

Mwaka 1973 alirudi Harvard kwa heshima kubwa, akiwa Profesa wa Ushairi wa kiti cha Charles Eliot Norton. Alitoa mihadhara sita aliyoipa jina la utungo wa Charles Ives, Swali Lisilojibiwa, na maandishi yake yakachapishwa na chuo hicho mwaka 1976. Mihadhara mitatu ya kwanza ilibeba majina ambayo yangeweza kuwa sura za kitabu chochote cha isimu katika idara za Kiswahili: fonolojia ya muziki, sintaksia ya muziki, semantiki ya muziki. Nyuma yake alisimama Noam Chomsky na Sarufi Geuzi Zalishi. Ikiwa watoto wa lugha zote huzaliwa na uwezo wa kisarufi ulio mmoja, Bernstein alijiuliza, je, hawazaliwi pia na uwezo wa kimuziki ulio mmoja?

Swali ni zuri. Tatizo lilianza katika hatua ya kulinganisha vipashio. Katika mhadhara wa kwanza noti ilifananishwa na fonimu, kundi dogo la noti na mofimu, na kuendelea hadi sehemu nzima ya simfonia kufananishwa na sentensi. Mhadhara wa pili uliuacha mlinganisho huo na kuleta mwingine: kundi la noti linalojirudia ni nomino, mkusanyiko wa noti zinazopigwa pamoja ni kivumishi, na mdundo ni kitenzi. Mabadiliko hayo ya ghafla yangetosha kumtia mashaka msikilizaji makini, lakini kasoro kubwa iko ndani ya mlinganisho wenyewe. Umejengwa juu ya sentensi ya Kiingereza, ambamo nomino, kivumishi na kitenzi husimama mbalimbali kama watu katika foleni. Ukihamishwa hadi katika Kiswahili, unapoteza miguu. Neno *tutawapikia* lina mtenda, njeo, mtendewa, mzizi wa tendo na kauli ya kutendea. Ni neno moja, na ni sentensi kamili. Nomino iko wapi pale, na kitenzi kinaanzia wapi? Kivumishi nacho hakisimami peke yake: *kizuri* hubeba ngeli ya nomino hata nomino yenyewe isipotajwa.

Hoja hii haikusudii kusema kwamba Kiswahili kinafanana na muziki zaidi ya Kiingereza. Inasema kwamba aina za maneno, jinsi Bernstein alivyozitumia, si mali ya lugha ya binadamu kwa ujumla, bali ni sura ya nje ya lugha chache alizozijua. Ajabu ni kwamba Chomsky mwenyewe alikuwa akiwaonya wanafunzi wake wasidanganywe na muundo nje. Na kuna jambo jingine ambalo mfano wa *tutawapikia* unalionyesha bila kukusudia. Katika muziki, mdundo na kimo cha sauti havikai katika maneno mawili tofauti. Noti haiwezi kuwa na kimo bila kuwa na muda. Mdundo haupangwi baada ya nomino. Umo ndani yake kama kiambishi cha njeo kilivyo ndani ya neno.

Haki inataka kusemwa kwamba mhadhara huohuo wa pili una kurasa bora kuliko zote katika kitabu. Bernstein alichukua mwanzo wa Simfonia Na. 40 ya Mozart na kuunda toleo la kubuni ambalo kila kitu kimelingana, kila fungu limerudiwa kikamilifu, hakuna kilichokatwa wala kubanwa. Aliliita muundo ndani. Likapigwa, nalo lilichosha. Kisha akaonyesha jinsi Mozart alivyodondosha, alivyobana na alivyopishanisha mafungu hadi yakawa muziki. Iwapo toleo hilo la kubuni kweli ni muundo ndani kwa maana ya kiisimu ni jambo la kutiliwa shaka. Lakini kama jaribio la kusikiliza, linasimama. Ni Superman tena: badilisha kitu kimoja, sikiliza, amua. Mwalimu wa 1958 alikuwa bado yumo ndani ya koti la profesa.

Msingi mkuu wa dai la uwezo wa wote haukuwa sintaksia, bali fizikia. Uzi unapopigwa hautoi sauti moja. Pamoja na sauti kuu hutoa sauti nyingine ndogondogo, za juu zaidi na hafifu zaidi, ambazo hapa zitaitwa sauti ambatani. Mpangilio wake haubadiliki, kwa kuwa unatokana na kugawanyika kwa uzi katika nusu, theluthi, robo na kuendelea. Bernstein alisema kwamba kutoka katika ngazi hiyo ya asili binadamu alipata oktavu, kisha noti ya tano, kisha ya tatu, hadi skeli ya noti tano inayosikika katika sehemu nyingi za dunia. Na kwamba muziki wa Ulaya wenye noti kuu inayorejewa umeota kutoka mizizi hiyohiyo. Sauti ambatani ya saba ilimsumbua kidogo, kwa sababu inaangukia kati ya vitufe viwili vya piano. Aliikiri hadharani, akaendelea.

Pale alipopita haraka ndipo Ugogo inapoanzia. Muziki wa Wagogo wa eneo la Dodoma, katika nyimbo za makundi na katika ala kama ilimba na zeze, umejengwa juu ya sauti ambatani zenyewe, takriban kutoka ya nne hadi ya tisa au ya kumi, na ile ya saba haiko kati ya vitufe. Ni noti halali yenye kiti chake. Inakaribia kuwa chini kwa theluthi ya nusu-hatua ikilinganishwa na noti ya piano iliyo karibu nayo. Wengi waliozisikia rekodi za Hukwe Zawose, fundi wa Kigogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, wameisikia noti hiyo hata kama hawakujua jina lake. Kwa hiyo Bernstein alikuwa na haki kuhusu nguvu ya sauti ambatani, na ushahidi wa Ugogo ungemfaa kuliko wa Vienna. Lakini ushahidi huohuo unaondoa sifa aliyotaka kuipa Vienna. Ikiwa uaminifu kwa asili ndio kipimo, piano, ambayo noti zake zimesogezwa ili zilingane, iko mbali na asili kuliko zeze.

Buganda inaleta tatizo lililo zito zaidi. Amadinda, ala ya mbao kumi na mbili, na ala nyingine za kasri la Kabaka zilitengenezwa kwa skeli ya noti tano ambazo umbali kati yake unakaribia kulingana, yaani senti kama 240 kila hatua katika oktavu ya senti 1,200. Hakuna ngazi ya sauti ambatani inayozaa hatua hizo. Ulinganifu huo una kazi: fundi anaweza kuuhamishia wimbo mbao moja juu au chini, na umbo lake likabaki karibu vilevile, jambo ambalo Waganda wana jina lake, *omuko*. Wapigaji wawili wanaoketi pande mbili za ala hupishanisha mafungu yao, na kutoka katika mpishano huo sikio husikia mafungu mengine ambayo hakuna kati yao aliyeyapiga. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri hilo aliyefundisha katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, aliwaonyesha wasomi wa nje jambo hilo kwa mikono yao wenyewe. Klaus Wachsmann alikwisha kupima ala za Uganda katika miaka ya 1950. Maarifa hayo yalikuwamo katika maktaba kabla ya mhadhara wa kwanza wa Harvard.

Je, Waganda hawana uwezo wa kimuziki wa kuzaliwa nao? Hakuna atakayesema hivyo. Uwezo upo, ila haukai mahali Bernstein alipouweka. Hauko katika noti zipi zinatumika, bali pengine katika namna sikio linavyokusanya na kutenganisha noti zozote linazopewa. Hapo ndipo swali lingekuwa la kisintaksia kweli, na hapo hakufika.

Madhara ya dai lake yanaonekana katika mhadhara wa tano, unaohusu mgogoro wa karne ya 20. Arnold Schoenberg, aliyeunda mfumo wa noti kumi na mbili zisizo na noti kuu, anashitakiwa kwa kuiacha mizizi ya asili, na katika mhadhara wa sita Stravinsky anapewa nafasi ya mwokozi. Bernstein alimheshimu Schoenberg na hakutumia lugha ya matusi. Lakini nadharia ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kabla ya muziki kusikilizwa, na hukumu hiyo, ikifuatwa kwa uaminifu, ingeiangukia amadinda kwa uzito uleule. Mwongozaji aliyetaka kuitetea ladha yake, naye alikuwa na kila haki ya kuitetea, aliivisha joho la sayansi. Kwa watoto wa 1958 alikuwa ameivua hadithi kutoka kwa muziki; kwa wasomi wa 1973 aliivisha muziki hadithi mpya, na safari hii hakufichua kwamba ni Superman.

Wataalamu walimjibu. Allan Keiler, mwaka 1978, alionyesha jinsi istilahi za isimu zilivyotumika bila masharti yake. Jibu lenye manufaa zaidi lilitoka kwa mtunzi Fred Lerdahl na mwanaisimu Ray Jackendoff, ambao ushirikiano wao ulianza katika semina iliyofanyika MIT baada ya mihadhara hiyo. Kitabu chao cha 1983 kilitupilia mbali nomino, vivumishi na vitenzi, kikabaki na wazo kwamba msikilizaji ana sarufi isiyo ya kujifunza darasani, na kwa busara kikajiwekea mpaka: kinaeleza muziki wa Ulaya wenye noti kuu. Ni mara chache mhadhara wenye makosa mengi umezaa kazi nzuri namna hiyo. Kwa upande huo, ualimu wa Bernstein ulifanikiwa hata uliposhindwa, na orodha ya aliowasaidia kwa njia nyingine ni ndefu: Seiji Ozawa na Claudio Abbado walikuwa wasaidizi wake New York, na Marin Alsop amesimulia mara nyingi kwamba aliamua kuwa mwongozaji akiwa na miaka tisa, baada ya kumwona katika moja ya maonyesho yale ya watoto.

Baada ya Harvard, Bernstein hakuandika tena nadharia ndefu ya maana. Jibu lake la mwisho alilitoa kwa kifimbo. Tarehe 25 Desemba 1989, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, aliongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven katika Berlin Mashariki, akiwa na wapiga ala kutoka Ujerumani zote mbili, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti. Katika sehemu ya mwisho, waimbaji walilibadilisha neno *Freude*, furaha, kuwa *Freiheit*, uhuru. Maneno hayo yana silabi mbilimbili na yote yanaanza kwa sauti zilezile. Hakuna noti hata moja iliyolazimika kusogezwa. Ni jozi nyingine ya mlinganuo finyu, iliyopangwa na mtu yuleyule aliyewahi kubadilisha hadithi na kuacha muziki ulivyo. Kwa kipimo cha 1958, hakuna kilichobadilika. Kwa kipimo cha 1973, ambacho kilitafuta maana katika sauti ambatani na miundo ndani, hakuna kilichobadilika pia. Hata hivyo, ukumbi ule haukusikia simfonia ileile iliyosikika hapo miaka iliyotangulia. Mihadhara ya Harvard ilikuwa na fonolojia, sintaksia na semantiki, lakini haikuwa na pragmatiki: nani anamwimbia nani, wapi, siku gani, na ni ukuta upi umeanguka karibu.